Blanketi la Mama Mkwe, Migori Hadi Kendu Bay

Tangu nirudi, kila anayeleta nguo dukani ananiuliza nilikuwa wapi siku tatu zile, na mbona nimerudi macho yameingia ndani. Wengine mmesikia nilishikwa na polisi. Wengine mmesikia nina mke wa pili Rangwe. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja huku pasi inapoa, basi naandika yote kwa mara moja. Mke wangu Achieng ameshasoma kabla yenu, kwa hiyo msijisumbue kumpelekea umbea.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Nilizaliwa mwoga Malindi, nikahamia Migori na woga wangu, na sioni haya. Wahenga wamesema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Safari hii lakini nilikaribia kulia mara tatu, na mara moja nililia kweli.

Migori: mzigo nisioruhusiwa kugusa

Mama mkwe wangu, Mama Peres, alikuwa nesi. Akiwa msichana alipelekwa kusomea unesi Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza, ambako anasema mvua hainyeshi ikapita bali inahamia. Siku ya kuondoka, wenzake wa wodini walimpa blanketi la sufu lililofumwa katika kiwanda cha kijijini kwao. Tangu hapo limekuwa kitandani mwake Kendu Bay. Watu humcheka, blanketi zito hivyo kwa joto la ziwa! Yeye husema alfajiri upepo ukitoka majini hao wanaocheka huwa wanatafuta pa kuingia.

Nimefua nguo miaka ishirini na sijaona kitu kama kile. Limefumwa tabaka mbili zilizoshikana, nyekundu na kijani na rangi ya maziwa, miraba ndani ya miraba. Penye wekundu upande huu, ukiligeuza unakuta rangi ya maziwa. Kwa hiyo halina ndani wala nje.

Mwaka huu nondo walilianza kwenye pembe. Achieng alipokwenda kumtazama mama yake alirudi nalo ili lifuliwe na kushonwa. Mngedhani dobi ndiye angelifua. Haikuwa hivyo. Achieng aliniweka hatua tano nyuma, mikono mgongoni, nikawa natoa maagizo kwa mdomo tu. Sufu si pamba, jamani. Pamba unaichemsha, unaipiga, inakushukuru. Sufu ukiitia maji moto inajikunja yenyewe, inakuwa nene, na blanketi la watu wawili linabaki la mbuzi. Basi alitumia maji ya mvua yaliyokaa kivulini, sabuni kidogo ya maji, akawa analibonyeza tu bila kusugua. Hakulikamua. Alilikunja pamoja na mataulo makavu akaliegemea kwa magoti mpaka mataulo yakanywa maji, kisha akalilaza juu ya mkeka kivulini siku tatu. Halikuanikwa kambani, maana likining'inia limelowa linavutwa na uzito wake, linakuwa refu upande mmoja.

Kwa nini sikuligusa? Wajaluo mnajua. Kwa wengine nieleze. Kwao kitanda cha mama mkwe na mkwe wake wa kiume havikutani. Halali kitandani mwake, hajifuniki chake, hata nyumba yake halali. Ukivunja, inakuja chira, laana ya mwiko, na chira haimpati mkosaji peke yake, inakwenda kwa watoto. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu mimi sikujua. Mvua ilinikuta Kendu Bay, magari yakakatika, nikalala sebuleni kwa Mama Peres kwenye kochi. Kwetu Malindi nyumba ya mkwe ndimo unamolishwa mpaka ushindwe kusimama. Tangu siku ile mimba mbili zimetoka. Shangazi zake Achieng hawakunigombeza, walinitazama tu. Kutazamwa vile kulinitosha.

Sasa Achieng ana mimba ya tatu, ya miezi saba, na kliniki wamemwambia alale, asiinue hata ndoo. Na Mama Peres amepiga simu: rafiki yake aliyesoma naye Wales anakuja Jumamosi, mara ya kwanza tangu ujana wao, na lazima akute blanketi kitandani. Kulituma kama mzigo hataki, lisije likarushiwa magunia ya sukari juu yake. Nikabaki mimi.

Jumatano asubuhi Achieng alilifunga kwenye shuka jeupe pamoja na vifuko vinne vya majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza nondo. Akanipa masharti akiwa amelala ubavu. "Usilikalie. Usililalie. Usilishike kwa mkono mtupu, shika shuka. Na usilitie kwenye nailoni, sufu inataka hewa." Kisha akaweka mkono tumboni. "Swaleh, nakuomba. Hii nikiipoteza na mimi nitakwenda nayo."

Mke wako akikuambia hivyo asubuhi hata chai haishuki. Niliondoka na njaa.

Migori hadi Rongo: majani

Nilipata kiti cha mbele katika gari dogo, nikaupakata mzigo wangu kwenye mapaja, mikono juu ya shuka. Tulipita Awendo salama. Kabla ya Rongo tukakuta kizuizi cha polisi, na askari mmoja mrefu mwenye sweta akainama dirishani.

"Hiyo mzigo ni ya nini?"

"Blanketi, afande."

"Blanketi na hii joto. Shuka chini."

Nilishuka. Akaingiza mkono ndani ya shuka akatoka na kifuko, akakibonyeza, akakinusa. Uso wake ukabadilika. Hapo ndipo nilipoelewa ninachobeba: majani makavu yaliyosagika, yaliyofungwa vizuri katika vifuko vidogo, yamefichwa ndani ya blanketi, yanatoka upande wa mpakani.

"Ni mwarobaini, afande. Ni wa nondo."

"Unatoka wapi?"

"Migori."

"Kabla ya Migori?"

"Malindi."

Abiria wenzangu wakatazamana. Mwanamke mmoja akahamisha mkoba wake mbali na kiti changu. Dereva akasema yeye hanijui, amenibeba tu, na hakuwa ameulizwa.

Askari alitaka kulitandaza blanketi lote hapo kwenye changarawe alione ndani. Nikasema hapana. Sijui neno lile lilitoka wapi, mimi sijawahi kumwambia askari hapana. Nilimwambia ni la mama mkwe wangu, amelitunza tangu hajaolewa, na kama ni lazima litandazwe basi litandazwe juu ya shati langu. Nikavua shati. Nikasimama barabarani na fulana, mikono juu, nikiona mawazo yangu yote mabaya kwa pamoja: mimi rumande, blanketi limetupwa stoo kama kidhibiti, panya na nondo wanalimaliza, na Achieng ameambiwa kwa simu akiwa peke yake kitandani.

"Kama ni dawa ya nondo, kula," akasema.

Nikala. Anayejua mwarobaini anajua uchungu ule, unaanza ulimini unashuka hadi magotini. Macho yalinitoka machozi. Askari alinitazama, akaonja kipande kidogo yeye mwenyewe, akatema, akacheka mpaka akashika kizuizi. Mwenzake akaja kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akaniomba kifuko kimoja, eti koti lake la harusi limeliwa na wadudu hao hao. Nikampa. Sasa kucheka walicheka, lakini gari langu lilikuwa limekwenda zamani.

Nililifunga tena bila kuligusa, nikilisukuma kwa viwiko kama mtu anayeipua sufuria bila kitambaa. Walidhani nina wazimu. Nilitembea hadi Rongo mdomo mchungu, na kila gari lililopunguza mwendo nyuma yangu nilijua wamebadili mawazo.

Rongo hadi Rangwe: wema wa Mama Otieno

Rongo nilisaidiwa na dereva wa gari la mikate aliyekuwa anakwenda Homa Bay. Nilifurahi, maana gari la mikate limefungwa kote, ni kavu, ni safi. Aliniambia tutapitia Rangwe kidogo tu. Nawashauri, dereva akisema kidogo, muulizeni kidogo cha wapi. Tulisimama katika kila duka lenye mlango. Tulipofika Rangwe ilikuwa alasiri, na mvua ikashuka kama iliyokuwa inatusubiri sisi.

Maji yalipita juu ya daraja dogo mbele yetu. Dereva akasema hapiti, atalala garini na mikate yake. Mimi nilivua koti nikalifunika lile furushi, nikakimbia hadi hoteli ya karibu, chumba cha mabati chenye meza tatu. Furushi lilifika kavu. Mimi nilifika maji yananitiririka hadi ndani ya viatu.

Mwenye hoteli wanamwita Mama Otieno, mwanamke mnene wa sauti ya taratibu. Aliniwekea nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Nilikula vijiko vitatu, mwili ukaanza kutetemeka. Nilidhani ni baridi. Kisha meno yakaanza kugongana, nikajua homa imenipata.

"Kaka, wewe ni mgonjwa," akasema. "Lala hapo kwa benchi. Hakuna gari saa hii."

Niliweka furushi mezani, mbali nami, nikamwambia tafadhali mtu asiligonge. Hayo ndiyo niliyomwambia. Sikumwambia ni la nani. Nilimeza vidonge viwili alivyonipa, nikafumba macho. Nakumbuka joto zuri likinijia taratibu, nikamshukuru Mungu kwa vile vidonge.

Nilipofungua macho kulikuwa kumekucha, na kidevuni kwangu kulikuwa na mraba mwekundu ndani ya mraba wa kijani.

Sikusogea. Nawaambia kweli, nilikaa vile nikitumaini ni ndoto ya homa. Lilinifunika toka shingoni hadi unyayoni, limechomekwa pande zote mbili kwa uangalifu kama mtoto anavyofunikwa. Shuka jeupe lilikuwa limekunjwa vizuri chini ya kichwa changu. Jasho langu la usiku kucha lilikuwa ndani ya sufu ile.

Mama Otieno alikuwa anachochea moto. "Umeamka? Jana ulikuwa unatetemeka mpaka benchi inatembea. Nikaona blanketi nzuri iko hapo bure, nikasema huyu atakufa na dawa iko karibu yake."

"Mama," nikasema, "hili ni la mama mkwe wangu. La kitandani mwake."

Mwiko ulimponyoka. Aliweka viganja viwili mdomoni, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakuuliza maana yake, ni Mjaluo, alijua kuliko mimi. "Na bibi yako?" akauliza polepole. "Ana watoto?"

"Ana mimba. Mbili zimetoka."

Alianza kulia yeye kabla yangu. Alisema angejua angenifunika kwa magunia, kwa nguo zake mwenyewe, angelala na baridi. Mimi nikawa namtuliza, na moyoni nilikuwa nimekufa ganzi. Mwanamke wa watu ameniokoa na baridi na mimi siwezi hata kumlaumu.

Tulilitoa pamoja. Sasa nililishika kwa mikono yote miwili, kulikuwa kumebaki nini cha kulinda? Alitaka kulitundika kwenye ua wa michongoma lipigwe na jua. Dobi ndani yangu akaamka, nikamwambia jua kali linakausha sufu na kufifisha rangi. Tulilitandaza juu ya meza mbili mlangoni, penye kivuli na upepo, tukaligeuza kila mara. Sufu ina tabia hiyo njema, ukiipa hewa inaachia harufu yenyewe. Lakini nilipoinamisha pua bado nilisikia harufu yangu.

"Usiseme," Mama Otieno akaniambia nilipokuwa naondoka. "Mimi sijui wewe, wewe hujui mimi. Peleka, weka, rudi nyumbani. Hakuna mtu atajua."

Homa Bay: dobi aliyemkimbia dobi

Gari la mikate lilinishusha Homa Bay kabla ya adhuhuri. Achieng akapiga simu. "Limefika?" Nikamwambia nipo Homa Bay, mvua ilinichelewesha. "Ulilala wapi?" Kwenye benchi la hoteli. Yote kweli, na yote uongo. Akasema mtoto amecheza sana usiku, hajawahi kucheza hivyo. Nilishukuru hakuona uso wangu.

Nilizunguka mjini na furushi begani. Mbele ya hoteli mbili samaki walikuwa wanakaangwa, harufu yake inamfufua mfu, lakini nikapita. Ndipo nikaona kibao cha duka la kufua nguo, mashine kubwa mbili ndani, na kijana mmoja mchangamfu anayeitwa Opondo. Shetani hana mbio, alinisubiri pale pale.

Nilimwambia nataka blanketi liondoke harufu kabla ya alasiri. Akalipokea, akalipapasa. "Hii ni kitu ndogo, bro. Maji moto, sabuni ya nguvu, nakausha kwa joto. Saa moja unaenda na mpya."

Nawaombeni mnielewe. Mimi ni dobi. Nilijua kila neno alilosema ni hukumu ya kifo kwa sufu. Lakini hofu ina akili yake. Nilijiambia labda mashine za siku hizi ni tofauti, labda likitoka limepungua kidogo nitasema ni nondo. Nilijiambia maji moto yataosha usiku ule wa Rangwe. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamwona akifungua mlango wa mashine, akilikunja, akilisukuma ndani. Pembe moja ilibaki nje, ile aliyoishona Achieng. Alikaa wiki nzima akitafuta uzi wa rangi ile, sindano kwa sindano, mgongo ukimuuma.

Niliruka nikaishika. Opondo akavuta, nami nikavuta. "Bro, umekuwa aje?"

"Niachie, ndugu yangu. Niachie tu."

Lilikuwa bado halijaguswa na maji. Nilitoka mbio bila kulifunga, miraba inapepea, watu wanapisha. Mimi, dobi wa miaka ishirini, nimemkimbia dobi mwenzangu mchana kweupe. Nilikaa chini ya ukuta nikilifunga upya, na hapo nikajua sina pa kuipeleka hofu yangu ila Kendu Bay.

Kendu Bay: veranda

Nilifika alasiri. Nyumba ya Mama Peres imekaa juu kidogo, ziwa linaonekana kati ya migomba. Alikuwa verandani, mrefu, amenyooka, miwani imefungwa kwa uzi. Kwa heshima ya mahali hapo aliketi ametazama ziwa, nami nikawekewa kiti mbali, ubavuni, tusitazamane usoni.

"Karibu, ora," akasema. Ndivyo wanavyomwita mkwe. "Achieng analala vile aliambiwa?"

"Analala, mama."

Alifungua furushi magotini kwake. Alianza kuuliza kama mwalimu anayesikiliza somo.

"Maji yalikuwa aje?"

"Baridi, mama. Ya mvua."

"Alikamua?"

"Hapana. Mataulo na magoti."

"Mlianika wapi?"

"Lililazwa, kivulini."

Akaitikia kwa kichwa. Kidole chake kikatafuta tundu la nondo hakikulipata. Alitabasamu, mimi nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu. Akasema rafiki yake wa Wales ndiye aliyelichagua kiwandani kwa niaba ya wenzao, wakiwa wasichana wawili kwenye mvua, na tangu walipoagana kila barua yake humuuliza kama bado analo. Kisha akasimama, blanketi kifuani, akaelekea chumbani kwake.

Maneno ya Mama Otieno yalikuwa sikioni. Peleka, weka, rudi. Nilikuwa nimeshafika kwenye kurudi. Lakini nilimwona akishika mlango, nikafikiri: usiku huu atajifunika, na mimi nitakuwa nimemfanya avunje mwiko bila kujua, kama nilivyovunja mimi.

"Mama, usiliweke kitandani."

Alisimama, mgongo kwangu.

Nikamwambia yote. Mvua, benchi, homa, Mama Otieno, jasho, Opondo na mashine yake.

"Homa ilikuwa kali kiasi gani?" akauliza.

Sikuelewa. "Mama?"

"Ulitapika?"

"Hapana."

"Umepimwa malaria?"

"Bado."

"Utapimwa kesho asubuhi kabla upande gari. Achieng hawezi kuuguza mtu saa hii."

Alirudi akaketi, akatazama ziwa.

"Mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote," akasema. "Nimeona mimba ikitoka kwa malaria. Nimeona kwa damu kidogo, kwa presha. Sijaona moja imetoka kwa sababu ya blanketi."

Nilishusha pumzi. Aliinua mkono.

"Ngoja. Mimi sikuzaliwa wodini, nilizaliwa hapa. Nikiweka hii kwa kitanda yangu, na kitu kifanyike, Achieng atasema ni hii. Nitamwambia mimi ni nesi, hatanisikia. Na siku moja, nikiwa peke yangu, mimi pia nitasema ni hii. Sitaki kufikia hiyo siku."

Akatoa simu, akampigia binti yake mbele yangu. Walizungumza Kijaluo, mimi nasikia kidogo kidogo, lakini hayo niliyaelewa. Alimwambia limefika, limefuliwa vizuri kuliko alivyofikiri. Alimwambia amelitazama na ameamua si lake tena. Amempa mtoto. Kitu kilichotolewa zawadi hakirudi kitandani mwa aliyetoa, basi Swaleh atarudi nalo kesho. Hakusema kitu kuhusu Rangwe.

Alizima simu, akaanza kulikunja. Alinionyesha namna: kila mwezi tulifungue na kulikunja upande mwingine, maana sufu ikikunjwa palepale daima inakatika. Tulipe hewa. Tubadilishe mwarobaini ukiisha harufu. "Na mtoto akikojoa, maji baridi mara moja. Msisugue."

Hapo ndipo nilipolia. Miezi saba nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kusema mtoto atafanya hili au lile, kila sentensi tuliishia katikati. Nililia mbele ya mama mkwe, jambo ambalo nadhani nalo lina mwiko wake. Yeye aliendelea kukunja, na mikono yake ilichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kurudi

Nililala katika gesti ya mjini, nikapimwa asubuhi. Ilikuwa malaria. Nilirudi na dawa mfukoni na furushi mapajani, njia ileile, bila kisa chochote.

Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Achieng alilifungua akiwa kitandani, akaliweka puani, akakaa nalo hapo.

"Ulilala ndani yake," akasema.

"Ndiyo."

"Mama anajua?"

"Nilimwambia mwenyewe. Kabla hajalipeleka chumbani."

Nilimsubiri apige kelele, au ashike tumbo. Aligeukia ukutani. Alikaa vile mpaka adhana ya alasiri, nami nikakaa mlangoni nikihesabu pumzi zake. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Mgeni wake anakuja kesho, na kitanda hakina kitu." Akalivuta akajifunika. Sikumwuliza anaogopa au haogopi. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kwa niaba yetu sote wawili, na hata leo ninapoandika naogopa, wiki zilizobaki ni nyingi.

Jumapili Mama Peres akapiga simu, Achieng akaweka sauti juu nisikie. Mgeni alikuwa amefika salama, mama mzee mwenye fimbo, amekula samaki na ugali akamaliza. Jambo la kwanza alipoonyeshwa chumba, alitazama kitanda akauliza, blanketi letu liko wapi?

"Ukamjibu nini?" Achieng akauliza.

"Nilimwambia liko kwa mjukuu wangu Migori. Akaniuliza, Peres, kwani una mjukuu?" Mama alikohoa kidogo. "Nikamwambia, ninaye."

Achieng aliweka simu juu ya tumbo. Hatukuwa tumenunua hata soksi moja. Akaniambia kesho kabla ya kufungua duka nipite sokoni, nimtafutie kitambaa cheupe cha nepi, cha pamba, kinachovumilia kuchemshwa.